Ng'ombe wa Rangi Nyingine

Tulimwita Fundi. Jina lake lipo, hata kwenye karatasi ya chumba lipo, lakini hapa mtaani hakuna aliyelitumia na mimi sitaanza leo. Alipanga chumba changu cha mbele, hapa Bariadi, miaka sita. Kazi yake ilikuwa kutengeneza kurasa za mtandaoni, zile mtu anazifungua kwenye simu akaona bei ya pamba au matokeo ya mtihani. Alikotoka na wazazi wake ni nani, waulizwe wanaojua. Mimi nilimjua kuanzia siku aliyoshusha godoro na mabegi mawili, moja la nguo na moja la nyaya, na la nyaya ndilo lilikuwa kubwa.

Naandika habari zake kwa sababu ya maksai wawili wa dada yangu wa Mwamapalala. Walipotea mwaka mmoja mvua zikiwa karibu, na dada ni mjane, hana trekta wala mtu wa kumlimia. Wasipopatikana kabla ya mvua, shamba linabaki pori na mwaka unaofuata hana cha kula. Fundi aliingia katika jambo hilo vibaya, na mimi nikaingia vibaya zaidi yake. Nitafika huko. Kwanza mumjue mtu mwenyewe, maana nikianza na ng'ombe nitamaliza na ng'ombe.

Alifanyia kazi kibarazani, miguu juu ya ndoo iliyogeuzwa, anatafuna michembe. Sisi viazi vyetu vikishakatwa na kukaushwa tunavipika, tunatia na karanga. Yeye alivitafuna vikavu kama mbuzi na kusema vinamsaidia kufikiri. Sikubishana naye. Mimi mwenyewe nina shemeji anayekula sabuni.

Mwanamke kwetu tunamwita mayu, yaani mama, na yeye aliniita guku, babu. Jioni moja nikamuuliza, "Mayu, kazi imeendaje leo?"

"Vizuri sana, guku. Nimefuta mistari mia tatu."

Nikampa pole. Akaniambia siyo pole, ni hongera. Kwa maelezo yake, mistari ile ndiyo inayoufanya ukurasa kuwa ukurasa, na mtu akiandika mingi anakuwa kama aliyejaza nyumba makochi, hata mlango haufunguki. Siku aliyoandika mingi ndiyo aliyokuwa na huzuni. Nilichukua muda kuzoea. Mimi nimekulia kwa watu wanaojisifu kwa kilichoongezeka zizini.

Kisukuma alijifunza neno moja la kusalimia, mwangaluka, ambalo ni la asubuhi. Alilitumia kutwa. Saa kumi jioni anapita dukani, "Mwangaluka!" Watu wakaitika kwa heshima, ila jirani mmoja akashindwa kuvumilia, akamwambia mchana tunasema mwadila. Fundi akafikiri kidogo. "Hii ya asubuhi mnaielewa?" Akajibiwa tunaielewa. "Basi inafanya kazi," akasema, na kesho yake saa kumi akapita na mwangaluka yake.

Ijumaa hakugusa kitu. Nilidhani ni Mwislamu, nikawa nawanyamazisha wajukuu siku hiyo ili apate kuswali. Baada ya mwaka nikamwona kanisani anaimba sauti ya pili. Ndipo akanieleza kwamba ukibadilisha kitu Ijumaa kikaharibika, wa kukusaidia wote wameshaenda harusini, na wewe utakaa na ubovu wako mpaka Jumatatu. Nilipenda sana sheria hiyo, nikaanza kuitumia kwenye kuezeka.

Kitu kingine alichokuwa nacho ni kunieleza ubovu. Ukurasa ukimshinda anakuja kukaa karibu yangu, ananieleza tangu mwanzo: hapa mtu anabonyeza, pale inakwenda kuuliza, huku inarudi na jibu. Mimi nafumua kamba au nachambua mchele, sisemi neno. Akifika katikati ananyamaza, anapiga paja lake, "Ahaa! Wabeja sana, guku," ananishukuru, anaondoka mbio. Nimetengeneza kurasa nyingi kwa namna hiyo. Ya hospitali moja niliitengeneza nikiwa nimesinzia.

Sasa kulikuwa na mambo ya fremuweki. Nilipomuuliza ni nini, akaniuliza madirisha ya nyumba hii niliyapataje. Nikamwambia niliyanunua yameshatengenezwa, ya chuma, bei nafuu, halafu nikagundua ni mapana kuliko nilivyoacha nafasi, ikabidi fundi avunje ukuta. "Ndiyo hiyo," akasema. "Ni dirisha la kununua. Linakuokolea siku, halafu ukuta wote unalifuata dirisha." Tangu hapo nilikuwa naelewa wanachogombania.

Waliokuwa wanagombania ni vijana waliomaliza chuo, watatu, wanakuja Jumamosi na laptopu zao. Wakianza kubishana fremuweki ipi bora utadhani ni mpira.

"Dada, bado unaandika hivi kizamani?" mmoja akamwambia. "Watu wameshahama."

"Wamehamia wapi?"

Akataja jina la fremuweki, la kizungu, limenitoka.

"Na mwaka jana mlikuwa wapi?"

"Mwaka jana tulikuwa kwenye ile nyingine."

"Imekufa?"

"Haijafa, ila hakuna mtu anabaki kule."

"Sawa," Fundi akasema. "Mkifika huko mnakohamia, mniambie kama kuna maji."

Wakacheka, lakini hawakuacha. Kuna aliyemwambia atakuja kuachwa peke yake na kurasa zake za kikongwe. Fundi akamwuliza kama amewahi kufungua ukurasa akiwa Nkololo, ambako mtandao unasuasua. Hajawahi. Fundi mwenyewe alikuwa anakwenda. Alikuwa na simu moja kuukuu, kioo kimepasuka, na kila akimaliza ukurasa anapanda bodaboda mpaka Nkololo, anakaa karibu na mashine ya kusaga, anaufungua na kuhesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu. Akifika ishirini ukurasa haujatokea, anarudi mjini amenuna, anafuta. Watu wa kule walipomwona mgeni anakaa anahesabu, walidhani ametumwa kuhesabu ng'ombe. Wengine wakawaswaga wakawahamishia upande wa pili wa mto. Kazi bure, maana Fundi hata hakujua ng'ombe ni mnyama wa namna gani, kama mtakavyoona.

Msidhani alikuwa malaika. Ukurasa wake mwenyewe, wa kumtangaza yeye na kazi zake, kwa miaka sita haukuisha. Ukiufungua unakuta neno moja, UNATENGENEZWA. Na nikaja kugundua kwamba kila mwaka alikuwa anauanza upya kwa fremuweki ile ile aliyowacheka vijana nayo. Nilimkuta nayo mezani, akafunika laptopu kama mtu aliyekutwa na barua ya mapenzi. Kazi za watu alifuata akili. Ya kwake alifuata moyo, ikabaki bila paa.

Na alikuwa mbishi. Hapo ndipo ng'ombe wanaingia.

Ofisi moja ilimpa kazi ya ukurasa wa mifugo iliyopotea na iliyookotwa. Wazo zuri. Aliyepotelewa anaandika, anayeokota anaandika, kompyuta inalinganisha, wakifanana, wenye ng'ombe wanapigiwa simu. Ng'ombe aliyeokotwa anakaa zizi la kijiji siku zilizowekwa, zikiisha bila mwenyewe kutokea anauzwa mnadani. Kwa hiyo kuwahi ni muhimu. Fundi alipomaliza akaniletea ile simu ya kioo kilichopasuka.

"Guku, hebu jaribu. Una ng'ombe amepotea. Ana rangi gani?"

"Ng'ombe gani?"

"Yeyote."

"Yeyote hapotei. Anapotea mmoja."

"Haya, mmoja. Chagua hapo: nyeupe, nyeusi, nyekundu, nyingine."

"Basi tuseme yule maksai wa dada yangu, mwekundu, tumbo jeupe limepanda mpaka kwapani, usoni kama amemwagiwa uji, halafu pembe ya kushoto imelala."

"Chagua moja, guku."

Nikatazama zile nne. "Nyingine," nikasema.

"Umeona? Inafanya kazi."

Nikamwambia mayu, kwetu mtu anamtambua ng'ombe wake kati ya mia mbili wa watu wengine, usiku wa kiza, kwa matako tu. Mwachie nafasi aandike anavyomjua. Akakataa. Alisema mtu ukimwachia aandike anavyotaka, mmoja ataandika mwekundu, wa pili ataandika mwekundu kiasi, wa tatu ataandika kwamba shemeji yake ni mwizi. Kompyuta inataka kuchaguliwa. Yule aliyefuta kila kitu maishani mwake, orodha ile ya maneno manne hakutaka iguswe. Nikaacha. Nilikuwa na mchele wa kuchambua.

Haikupita miezi mingi, dada akapiga simu. "Kaka, maksai hawapo." Kamba ilikatika, au ilikatwa, mpaka leo hatujui. Mtendaji wa kijiji chao akamsaidia kuandika kwenye ule ukurasa. Maksai wawili, rangi nyingine, rangi nyingine. Tukasubiri simu. Wiki ya kwanza kimya, wiki ya pili kimya, mawingu yanajikusanya upande wa ziwa. Dada alikuwa anapiga kila siku kuuliza kama kompyuta imesema kitu.

Nikamwomba Fundi anifungulie ukurasa niusome mwenyewe. Nilisoma polepole, kidole kwenye kioo. Waliopotea: nyingine, nyingine, nyeusi, nyingine. Waliookotwa: nyingine, nyingine, nyingine. Kwa kompyuta ile, mkoa mzima wa Simiyu ulikuwa na ng'ombe wa rangi moja, haikujua impigie nani.

"Mayu, hebu ona."

Akaona. Alishuka mpaka mwisho, akapanda, akashuka tena. Michembe ilikuwa mdomoni, akaacha kutafuna.

"Leo Ijumaa," akasema.

"Najua."

Akaiondoa orodha siku hiyo hiyo. Mahali pake akaweka nafasi tupu na maneno: Mweleze ng'ombe wako unavyomjua. Halafu akaanza kuwapigia simu walioandika, mmoja mmoja, Ijumaa ile na Jumamosi yote, anawaomba waandike upya. Sauti ikamkauka. Wakaandika. Watu waliandika mambo marefu, kuna aliyeeleza mpaka tabia ya mama yake ng'ombe, na kweli mmoja aliandika shemeji yake ni mwizi. Lakini Jumapili mchana mlinzi wa zizi moja kule Nkololo akaandika hivi: maksai wawili walikuja pamoja, mmoja mweusi mgongo mweupe, mkia umekatika, mpole. Mwenzake mwekundu wa tumbo jeupe, pembe ya kushoto imelala, huyu ameuzwa mnada wa juzi, mweusi amekosa mnunuzi.

Kesho yake tukaenda, mimi, dada na Fundi. Mweusi alimwona dada akaanza kulia kabla hatujafika. Mlinzi wa zizi alikuwa na hasira na sisi.

"Mbona mmechelewa hivi? Mimi niliandika siku ile ile waliyofika."

"Uliandika nini, baba?" Fundi akamuuliza.

"Nyingine. Ndicho kilichokuwepo."

Siku zilikuwa zimeisha kihalali, mnada wa halali, mnunuzi ana kibali, alimchukua maksai akaondoka naye kwenda kijiji cha mbali. Hata tungempata asingekuwa na kosa. Mwekundu hakuwa wetu tena. Dada alilielewa hilo, na mimi nililielewa, naliandika hapa ili nisije nikajisingizia ujinga.

Mvua ikaanza. Maksai mmoja halimi peke yake, dada akawa anaazima wa jirani, na jirani anaazimisha akishamaliza kwake. Robo ya shamba ndiyo ilikuwa imelimwa. Halafu asubuhi moja akatoka nje akamkuta mwekundu amesimama mlangoni mwa zizi, ana kamba ya mtu mwingine shingoni. Alikuwa amerudi mwenyewe. Ng'ombe wanafanya hivyo. Dada akanipigia, tukashangilia kwenye simu kama watoto. Kisha dada akasema, "Kaka, mvua." Nikamwambia, "Lima."

Siku tatu baadaye Fundi akaja kibarazani na simu. Mnunuzi ameandika kwenye ukurasa: nimepotelewa na maksai niliyemnunua mnadani, mwekundu wa tumbo jeupe, pembe ya kushoto imelala.

"Guku, hajapita kwa dada kweli?"

Wakati ananiuliza, dada alikuwa katikati ya shamba nao wote wawili.

"Hajapita, mayu," nikasema.

Akaniamini. Ndiyo ilikuwa hasara yake nyingine, kwamba mashine aliishuku kila neno, ila mtu mzima akimwambia kitu, basi.

Mwaka uliofuata akapata kazi Mwanza, akahama. Dada alilima misimu mitatu na wale maksai. Mwekundu akazeeka, tukamchinja. Nilikula. Sisemi ilikuwa nyama chungu. Ilikuwa ngumu kidogo, basi.

Juzi juzi nilikwenda stesheneri hapa mjini kutoa kopi ya kitambulisho. Nikasikia nyuma yangu, saa tisa alasiri, "Mwangaluka, guku!" Nikajua kabla sijageuka. Alikuwa amenenepa kidogo, ana miwani, amekaa kwenye benchi anachaji laptopu. Tukasalimiana, mhola, mhola, nyumbani, watoto. Akasema amekuja kukabidhi ule ukurasa wa mifugo. Wale vijana wa Jumamosi ndio wamepewa.

"Wanauandika upya," akasema. "Kwa fremuweki."

"Ipi?"

"Hata sikuuliza. Wanataka taarifa zote za zamani zifungwe, waanze safi. Nimewakubalia. Nimewaomba waache moja tu."

Sikuuliza ni ipi. Akaniambia hata hivyo.

"Yule mwekundu wa dada. Yule mnunuzi, guku, kila mvua zikikaribia ananipigia. Mtu mstaarabu sana, hagombi. Ananiuliza tu kama kuna mtu ameandika. Alikuwa amekusanya miaka miwili kumpata yule maksai, mwenzake yuko zizini amekaa tu, yeye na mke wake wanalima kwa jembe la mkono. Na mimi kila Jumatatu nafungua, nasoma wote waliookotwa, kila mmoja, naangalia pembe. Kwa sababu dada alimpoteza kwa kosa langu, na huyu naye vile vile. Nikimpata, hata akiwa mzee, nitajua pa kuanzia kurekebisha."

Mwenye stesheneri akaniita, kopi yangu tayari. Nikamwambia aishike.

"Mayu," nikasema, "alirudi."

"Nani?"

"Mwekundu. Alirudi mwenyewe kwa dada, na kamba."

Akavua miwani. "Lini?"

"Kabla hujaniuliza."

"Siku ngapi kabla?"

"Siku tatu."

"Kwa hiyo ulinitazama usoni, guku."

"Nilikuwa natazama chini."

Akaiweka miwani kwenye benchi. Nilitegemea aniseme, na nilikuwa nimejiandaa kusemwa, nimeshasemwa na watu wakali kuliko yeye. Hakunisema. Alichukua simu, akatafuta namba, akapiga, akaniwekea mkononi ikiwa inaita. Nilitamani isipokelewe. Ikapokelewa mara moja.

"Mwadila, mayu," sauti ya mwanaume ikasema haraka haraka. "Ameonekana?"

"Siyo mayu," nikasema. "Ni mimi, kaka wa yule aliyekuwa na maksai wako kabla ya mnada. Mwadila, baba." Kisha nikamweleza. Sikupamba. Kwamba alikuja, kwamba tulijua ni wake, kwamba tulilima, kwamba niliulizwa nikakana, kwamba sasa hayupo, tulimla. Kwamba dada ana dume mmoja amefikia umri wa kufundishwa jembe, na huyo ni wake, hata kama dada bado hajui.

Nikasikia kuku, na mtu anapasua kuni.

"Alilima?" akauliza.

"Nani?"

"Mwekundu. Alilima vizuri?"

"Alilima sana," nikasema. "Misimu mitatu. Hata fimbo hakutaka, ukimwita tu anageuka."

"Nilijua," akasema. "Pale mnadani nilimwona miguu, nikamwambia mke wangu, huyu ni wa kazi." Kisha akaongeza, "Mimi nilikaa naye siku kumi na tisa."

Nikamwambia ndiyo, baba.

"Nakuja Jumatano," akasema, akakata.

Nikamrudishia Fundi simu yake. Akaniuliza amesemaje, nikamwambia anakuja Jumatano. Akauliza kama amekasirika, nikamwambia hajasema. Akachomoa waya wa chaji ukutani, akaukunja taratibu, akautia kwenye begi.

"Basi la Mwanza nitalipanda Alhamisi," akasema. "Jumatano twende wote. Dada naye inabidi umwambie leo."

"Nitamwambia."

"Sasa hivi, guku. Hapa hapa, nikiwa nakuona."

Nikatoa simu yangu, nikampigia dada.